SOMO LA UFUNDI: MATUMIZI NA MATUNZO YA MOTA YA SEVO KATIKA CHEREHANI ZA CHAMA

Madhumuni ya somo

Washonaji waliojiunga katika ushirika kwenye vitongoji vya Dar es Salaam, kama vile Mbagala na Tandika upande wa Temeke, au Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, hutegemea sana kazi za msimu. Msimu mmoja mkubwa ni ule wa sare za wanafunzi, kabla shule hazijafunguliwa mwezi Januari. Cherehani ikiharibika wakati huo, hasara haimpati mshonaji mmoja tu. Humpata kila mwanachama, kwa kuwa mali ni ya wote na mkataba umetiwa sahihi kwa jina la chama.

Katika cherehani za kiwandani, mota ya klachi inazidi kuiachia nafasi mota ya sevo. Somo hili linaeleza jinsi mota hiyo inavyofanya kazi, hatari yake isiyoonekana, matunzo yake, na hesabu ambayo Kamati yapaswa kuifanya kabla ya kununua.

1. Tofauti ya mota hizi mbili

Mota ya klachi huanza kuzunguka mara swichi inapowashwa, wala haisimami mpaka izimwe. Kwa umeme wa hertzi 50 unaotumika Tanzania, mota ya kawaida ya aina hiyo huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Mshonaji akikanyaga pedali, sahani ya klachi hushikana na gurudumu linalozunguka, na mkanda hupeleka nguvu kwenye kichwa cha cherehani. Akiacha kukanyaga ili apange kitambaa au akate uzi, mota huendelea kuzunguka bure, na umeme huendelea kuliwa.

Mota ya sevo ina sumaku za kudumu katika sehemu yake inayozunguka, koili za waya katika sehemu iliyotulia, na kihisio kinachotambua sumaku ziko wapi na zinakwenda kwa kasi gani. Habari hiyo hufika kwenye kisanduku cha kuongozea, nacho hupeleka umeme kwenye koili kwa kadiri inavyohitajika. Kisanduku huamuru, mota hutenda, kihisio huarifu, na kisanduku husahihisha. Pedali isipokanyagwa, mota husimama kabisa. Aidha, kasi ya juu huweza kupunguzwa kwa kitufe, jambo linalomfaa sana mwanachama anayejifunza.

Iko pia sevo ya mstari, ambayo haizunguki bali hwenda mbele na nyuma. Hiyo ni kama mota ya mviringo iliyopasuliwa na kutandazwa: sumaku hulazwa kwenye njia iliyonyooka, na koili husafiri juu yake bila mkanda wala skrubu. Hutumika katika baadhi ya mashine za kukata na kuchonga zinazoongozwa na kompyuta. Chama kidogo cha washonaji hakina haja nayo kwa sasa, lakini kanuni za kuitunza hazitofautiani sana na hizi: usafi, nyaya zisizovutwa, na kihisio kisichoguswa ovyo. Tena sumaku zake huvuta pini na vipande vya sindano, kwa hiyo usafi wake ni wa lazima zaidi.

2. Kimya si kuzimwa

Ngurumo ya mota ya klachi ni kero masikioni, lakini pia ni onyo. Kila aliye karibu hujua kwamba mashine imewashwa. Mota ya sevo inayosubiri haitoi sauti yoyote. Mshonaji anayebadili sindano akidhani mashine imezimwa, kisha mguu wake ukagusa pedali, sindano itashuka papo hapo na vidole vyake viko chini yake. Kwa sababu hiyo, kila chama kinachobadili mota hakina budi kubadili pia mazoea ya wanachama wake. Sheria zifuatazo zafaa zibandikwe ukutani:

(a) Swichi izimwe kabla ya kubadili sindano, kutia uzi, kutoa bobini au kufungua kifuniko cha mkanda.
(b) Mguu uondolewe kwenye pedali wakati wowote mikono ikiwa karibu na sindano bila kushona.
(c) Mshonaji anayeondoka mezani azime mashine, hata kama anarudi baada ya dakika moja.
(d) Kisanduku cha kuongozea kisifunguliwe na mtu asiye fundi. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi mwenyewe yampasa asubiri muda ulioandikwa katika kitabu cha mashine. Kama haukuandikwa, asipunguze dakika 10.
(e) Waya wa ardhi, yaani ethi, usikatwe wala kuachwa bila kuunganishwa.

3. Maadui wanne wa mota

Adui wa kwanza ni vumbi la nyuzi. Vumbi hilo hujaa kwenye matundu ya hewa, likazuia joto kutoka, na joto huchosha koili na vifaa vya ndani ya kisanduku. Liondolewe kwa brashi kavu, umeme ukiwa umezimwa.

Adui wa pili ni maji na unyevu. Hewa ya pwani ina chumvi, na masika ya Machi hadi Mei huleta maji ndani ya nyumba nyingi za mabondeni. Kisanduku kifungwe chini ya meza, kisiwekwe sakafuni. Mota iliyoingiwa na maji isiwashwe hata ikionekana imekauka, mpaka fundi aipime.

Adui wa tatu ni umeme usiotulia. Mota nyingi za cherehani hutengenezwa kwa umeme wa volti 220 hadi 240. Umeme ukikatika, swichi zote zizimwe, kwa kuwa unaporudi waweza kuja na kishindo. Cherehani nyingi zisichomekwe kwenye ekstensheni moja nyembamba. Mahali ambapo taa hufifia mara kwa mara, fundi apime volti kwanza, ndipo Kamati iamue kama inafaa kununua stabilaiza.

Adui wa nne ni mkono usiojua. Kisanduku kina vitufe vya kurekebisha kasi, mwelekeo wa kuzunguka na mahali sindano inaposimama. Mtu akibonyeza kwa kubahatisha, mashine nzima huonekana mbovu kumbe ni mpangilio tu uliovurugika. Hitilafu ikitokea, kisanduku kwa kawaida huonyesha namba au herufi. Ziandikwe kabla ya kuzima mashine, kwa maana kitabu cha mashine hueleza maana ya kila alama, na fundi atakayeikuta hataanza kazi gizani.

4. Ratiba ya matunzo

Kila siku: Meza na kichwa cha cherehani vifutwe. Mshonaji asikilize kama kuna sauti ngeni, na anuse kama kuna harufu ya kuungua.

Kila wiki: Matundu ya hewa yasafishwe kwa brashi. Plagi na nyaya zikaguliwe, hasa pale waya unapopita karibu na mkanda au pedali.

Kila mwezi: Mkanda ukaguliwe. Ukibonyezwa katikati kwa kidole, ushuke kidogo, kama sentimita 1. Uliolegea huteleza, uliokazwa mno huumiza beringi. Nati za kushikilia mota zikazwe. Mota iliyofungwa moja kwa moja kwenye kichwa haina mkanda, lakini nati zake hulegea vilevile.

Kila miezi 6: Fundi wa umeme apime ethi na soketi, na akague viungo vya nyaya za kihisio.

Ieleweke kwamba mafuta ya cherehani ni ya kichwa cha cherehani. Hayatiwi kwenye mota. Beringi za mota nyingi za sevo zimefungwa tayari na grisi yake, na mafuta yanayovuja hushika vumbi na kuharibu kihisio.

5. Hesabu kabla ya kununua

Kamati isinunue kwa sifa za muuzaji peke yake. Njia iliyo bora ni kubadili mota moja kwanza, kisha kusoma mita ya LUKU kabla na baada ya wiki mbili za kazi zinazolingana. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu.

Chama kina cherehani 10. Kwa mota za klachi hutumia yuniti 20 kwa siku. Kwa mota za sevo hutumia yuniti 8. Hivyo huokoa yuniti 12 kwa siku, yaani yuniti 300 kwa siku 25 za kazi. Yuniti moja ikiwa shilingi 350, akiba ya mwezi ni shilingi 105,000. Mota 10 zikinunuliwa kwa shilingi 2,000,000, fedha hizo zitarudi baada ya miezi 19 hivi.

Mota ikiungua katika mwezi wa 10 kwa kukosa matunzo, hesabu yote huvunjika. Kwa hiyo gharama ya fundi na vipuri iingizwe katika makisio ya mwaka tangu mwanzo. Aidha, chama ambacho washonaji wake hushona mfululizo bila kusimama kitaokoa umeme kidogo kuliko kile chenye kazi ya kusimamasimama.

6. Wajibu wa Katibu

Katibu afungue daftari la mashine, lenye ukurasa kwa kila cherehani. Humo ziandikwe tarehe ya kununua, namba ya mota, muda wa dhamana, tarehe za kusafishwa, alama za hitilafu na jina la fundi. Stakabadhi na kitabu cha mashine vihifadhiwe ofisini. Inafaa pia chama kimsomeshe mwanachama mmoja au wawili misingi ya umeme katika chuo cha ufundi, kama kile cha VETA kilichoko Chang'ombe, Temeke, ili kisitegemee wapita njia.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano wa wanachama

1. Kwa nini mota isiyotoa sauti yaweza kuwa ya hatari kuliko yenye ngurumo?
2. Je, katika chumba chetu cha kazi, kisanduku kipi kiko karibu na maji au vumbi?
3. Mashine ikionyesha alama ya hitilafu, nani aarifiwe kwanza, na iandikwe wapi?
4. Kwa kutumia mita yetu wenyewe, akiba ya mwezi mmoja yaweza kuwa kiasi gani?