Nani Ndugu? Kuandika Kifungu Kinachogombanisha

Katiba za vikundi vya kuweka na kukopa huwa na kifungu cha msiba: mwanachama akifiwa na mwanafamilia, apewe rambirambi. Siku ya kukipitisha hakuna anayebisha. Ubishi huja siku mtu amefiwa na bibi aliyemlea, mweka hazina akamwambia bibi hayumo.

Nimeshika kalamu ya ukatibu katika vikao vya namna hii. Ushauri wangu wa kwanza: msianze na neno, anzeni na watu. Andikeni ubaoni: mama mkwe, mtoto wa kulea, mke wa pili, mwenza asiyefunga ndoa, mjomba aliyekulipia ada. Kwa kila mmoja ulizeni, huyu akifariki mfuko unatoa au hautoi? Mama mkwe atapita mara moja. Mtakwama kwa mwenza asiye na ndoa, na hapo msikimbilie kupiga kura. Kila anayekataa aseme anaogopa nini. Mmoja anaona kikundi kitakuwa kimebariki kuishi bila ndoa, mwingine anawaza mfuko kukauka. Woga wa pili dawa yake ni hesabu: kila mwanachama aandikishe mapema majina manne, basi. Kifungu kitasema "watu wanne walioandikishwa na mwanachama", na hata yule wa kwanza atapumua, maana kikundi hakijaamua lolote kuhusu ndoa ya mtu.

Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris Desemba 1948, lilipita njia hiyohiyo. Rasimu ya Kiingereza ilitumia neno la "wanaume wote". Hansa Mehta wa India alilikataa. Aliambiwa linajumuisha wanawake. Akashikilia kwamba wapo watakaolisoma kama lilivyo. Likabadilishwa. Alikuwa sahihi kabisa: kifungu hupimwa kwa msomaji asiyekutakia mema.

Kiswahili chetu kina "watu", kwa hiyo mtego huo hatunao. Wetu ni "inapobidi" na "kwa kufuata mila". Mila za nani, kama mezani kuna Mchaga, Mzaramo na Mnyakyusa? Maneno hayo yafuteni, au mwandike nani ataamua.

Muhtasari wa kikao uandike pia hoja iliyoshindwa na jibu lililopewa. Mwakani italetwa tena, mbele ya wajumbe ambao hawakuwapo.