Nani alivunja mwiko? Sarufi ya dawa ya vita katika uasi wa Simba, 1964

Katika riwaya za kubuni ambazo wanafunzi wengi wa Kitivo chetu huzipenda, makundi ya wachawi hupigana ndani ya ufalme mmoja wa zamani. Mmoja hutamka neno, moto ukawaka. Adui yake hutamka lake, moto ukazimika. Neno likishindwa, mwandishi yupo wa kutueleza sababu. Katika vita vya kweli mwandishi huyo hayupo. Watu wenyewe hutafuta sababu, na huitafuta kwa maneno waliyo nayo.

Kisangani iliona vita vya namna hiyo mwaka 1964. Makala hii haiulizi kama dawa ya Simba ilikuwa na nguvu. Inauliza swali la isimu: lugha ilisaidiaje dawa hiyo kuendelea kuaminiwa hata baada ya waliopewa kuanguka kwa risasi?

1. Vita kwa ufupi

Uasi wa mashariki ulienda haraka. Uvira ilichukuliwa Mei 1964, Albertville (leo Kalemie) Juni, Kindu Julai, na tarehe 5 Agosti Stanleyville, yaani Kisangani yetu, ilikuwa mikononi mwa Simba. Christophe Gbenye, Gaston Soumialot na Jenerali Nicolas Olenga ndio waliokuwa viongozi wakuu. Askari wa Jeshi la Taifa walikuwa na silaha bora, lakini mara nyingi walikimbia kabla ya mapigano, kwa sababu na wao waliamini kwamba Simba hapigiki. Hapo ndipo dawa ilipokuwa silaha: ilifanya kazi katika vichwa vya pande zote mbili.

Habari hizo zilifika mbali. Agosti 1964 ofisi ya utafiti ya American University, huko Washington, iliandikia jeshi la Marekani ripoti kuhusu uchawi na vita vya Kongo. Moja ya maswali yake lilikuwa kama dawa ipingwe kwa dawa. Ilipendelea jibu jingine: askari waliofundishwa vizuri na wenye uongozi mzuri.

Mwezi huohuo Simba walishindwa Bukavu. Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji, wakiletwa na ndege za Marekani, walitua uwanja wa Simi-Simi, upande wa magharibi wa mji (si huu wetu wa Bangboka), na mji ukarudi kwa serikali.

2. Mganga wetu, mchawi wao

Kiswahili kina jozi ya mganga na mchawi. Kilingala kina nganga na ndoki. Huku Bangboka ninakokaa, mtu anaweza kutumia maneno yote manne katika mazungumzo ya jioni moja. Kamusi hutuambia kwamba mganga huponya na mchawi hudhuru. Katika vita maana hiyo haitoshi. Mtu yuleyule, mwenye unga uleule na maji yaleyale, ni mganga kwa kundi lake na ni mchawi kwa kundi la pili. Kinachobadilika ni mahali aliposimama msemaji.

Kwa hiyo maneno haya mawili yanafanya kazi karibu na viwakilishi kama huyu na yule: huwezi kujua yanamlenga nani mpaka ujue nani anasema. Lakini yana tofauti moja kubwa. Anayeitwa yule hapati hasara. Anayeitwa mchawi anaweza kuuawa.

3. Mai Mulele

Kelele ya vita ya Simba ilikuwa Mai Mulele. Neno mai ni maji yaliyopoteza j. Ni Kilingala, tena liko karibu sana na mayi ya Kiswahili cha kwetu, hivyo wapiganaji wa lugha mbalimbali waliweza kulitamka kama lao. Pierre Mulele mwenyewe alikuwa Kwilu, mbali magharibi, akiongoza uasi wake tangu Januari 1964. Jina lake lilifika Kisangani bila yeye.

Tazameni pia muundo wake. Kiswahili sanifu kingesema maji ya Mulele. Kiunganishi ya kikikosekana, hatujui kama maji ni mali ya Mulele, kama Mulele ndiye maji, au kama ni miito miwili, mmoja baada ya mwingine. Kwa kelele ya vita, kukosa uwazi huko ni faida: kila mmoja anaingiza maana anayoihitaji.

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu kilichotoka mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna kauli zisizoeleza jambo bali zinatenda jambo. Anayesema «ninaapa» haelezi kiapo, anaapa. Kauli kama hizo hatuziiti kweli wala uongo. Zinafaulu au hazifaulu, kulingana na masharti yake. Mai Mulele ni kauli ya namna hiyo. Aliyeipiga hakutoa habari kuhusu maji. Alijaribu kuigeuza risasi kuwa maji.

4. Kiima ni nani?

Dawa ya Simba ilikuwa na masharti mengi. Baadhi yake ni haya: asiguse mwanamke, asipeane mkono na asiyechanjwa, asioge, asitazame nyuma wakati wa mapigano. Vitenzi vyote vina umbo moja, asi-, na kiambishi a- ni cha mtu mmoja tu: mpiganaji, mara nyingi kijana. Katika orodha hii hakuna sharti linalomhusu aliyetoa dawa.

Sasa tulinganishe sentensi tatu ambazo mzungumzaji yeyote wa Kiswahili wa hapa anaweza kuzitunga:

(a) Alichanjwa, akanyunyiziwa mai.
(b) Alivunja mwiko.
(c) Dawa ilimkataa.

Katika (a) vitenzi viko katika kauli ya kutendwa. Tungeweza kuongeza «na mganga», lakini sentensi imekamilika bila yeye, na hivyo mtenda anatoweka. Katika (b) kitenzi kiko katika kauli ya kutenda, na kiima ni marehemu. Katika (c) dawa yenyewe ni kiima, lakini haikushindwa. Ilikataa, kama mtu mwenye hiari. Dawa inapotolewa, sarufi inamficha mganga. Dawa inaposhindwa, sarufi inamtoa mbele aliyekufa.

Hakuna kijana anayeweza kukaa wiki nzima vitani bila kumgusa mtu wala kugeuza shingo. Kwa hiyo sharti lililovunjwa halikosekani kamwe, na sentensi (b) iko tayari kwa kila maiti. Marehemu hawezi kuikanusha. Sentensi ya nne, Mganga alitudanganya, haina kosa lolote la sarufi. Ila ilihitaji msemaji aliye hai na asiyeogopa.

5. Jambo hili linatuhusu vipi

Hatuko peke yetu. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wafuasi wa maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe nao walipewa miiko pamoja na maji. Na tangu miaka ya 1990 neno letu limerudi likiwa limerudufiwa, Mayi-Mayi, jina la makundi yenye silaha ya Kivu na kwingineko.

Lakini sentensi (b) haikubaki vitani. Mtoto anapoitwa ndoki kwa sababu baba amepoteza kazi au mdogo wake amekufa, tunakuta sarufi ileile. Kazi ilipotezwa, mtoto aliugua: mtenda haonekani. Kisha ghafla anapatikana kiima cha kitenzi cha kutenda, naye ndiye aliye mdogo kuliko wote nyumbani. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kuhusu ulinzi wa mtoto, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria inaweza kumwadhibu mshitaki. Sisi wa lugha tuna kazi ndogo zaidi ila ya kila siku: tukisikia «alivunja», tuulize nani alitunga sharti, tukisikia «alichanjwa», tuulize na nani.

Zoezi. Chukua habari moja ya redio au simulizi moja ya nyumbani kuhusu kifo kisichoeleweka. Pigia mstari vitenzi vyote vya kauli ya kutendwa, kisha mwandikie kila kimoja mtenda wake. Pale usipoweza kumtaja, andika kwa sentensi moja nani anafaidika asipotajwa.