BAADA YA CHETAMBE: SOMO LA KUTAWALA WALIOSHINDWA

Wale wanaocheza michezo ya vita kwenye kompyuta wanajua kwamba kuuteka mji ni rahisi kuliko kuushika. Ukiondoa askari wako tu, wenyeji wanaasi. Basi hebu tuliangalie jambo hilo hapa kwetu Bungoma na Kitale, maana katika mtihani wengi wetu huishia pale vita vinapoishia.

Mwaka wa 1895 Wabukusu walikataa kusalimisha bunduki. Hobley, afisa wa Waingereza aliyekaa Mumias, akawajia na askari Wasudani, Waganda, Wamaasai na watu wa Nabongo Mumia wa Wanga. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha ya Chetambe, kwenye kile kilima karibu na Webuye. Ngome hizo zilikuwa na ukuta na handaki, lakini handaki litafanya nini mbele ya bunduki ya Maxim?

Sasa shida ndiyo ikaanza. Waingereza walikuwa wachache, na walitaka kodi ya nyumba na watu wa kulima barabara. Kule Wanga kulikuwa na mfalme, kwa hivyo ukielewana naye umeelewana na nchi. Lakini Wabukusu hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake. Utaelewana na nani?

Jibu lao lilikuwa kuazima mfalme wa jirani. Mumia alitangazwa chifu mkuu mwaka wa 1909, na ndugu zake wakagawiwa nchi za watu: Mulama akapewa Marama, Murunga akawekwa Kimilili juu ya Wabukusu. Wabukusu wenyewe wakaandikwa "Kitosh" katika vitabu vya serikali, jina ambalo hawakulipenda hata kidogo.

Vitabu vingi husema mpango huu ulikuwa wa gharama ndogo. Kwa pesa, ndiyo. Lakini fikiria wewe ni mzee wa Kimilili, anayekudai kodi ni mtu wa wale walioivunja Chetambe. Hasira inamwendea nani? Inamwendea Mwanga, wala si D.C. Mimi naona Waingereza walijua hivyo na wakafurahi. Hata leo ukimwita Mumia "mshirika" darasani, kuna wanaoguna na kuna wanaomtetea, tena kwa sauti! Ilipofika miaka ya 1930 machifu wa Kiwanga waliondolewa, wakawekwa wenyeji.

Lakini walikuwa wamechelewa. Mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa yamegawiwa walowezi, reli ikafika Kitale mwaka wa 1926, na mtu akawa kibarua kwenye ardhi aliyolisha ng'ombe babu yake. Chifu wa kabila lako hawezi kukurudishia shamba. Hapo akatokea Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji mpira hodari, na Dini yake ya Msambwa, akiwaambia wazungu waondoke. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi pale Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa Lamu, mbali kabisa na watu wake.

Alirudi karibu na Uhuru. Serikali ya Kenya iliiruhusu dini yake, halafu ikaipiga marufuku tena mwaka wa 1968, naye akafungwa tena kabla ya kufa mwaka wa 1987.

Swali la kujipima: Ungekuwa Hobley, ungemweka nani Kimilili?