Unapotafuta Majibu ya Kifo Kwenye Simu



Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, na wengi wetu hurudiwa na maswali tuliyoyanyamazisha msibani. Mchana watu wanasema "kazi ya Mungu haina makosa" na wewe unaitikia. Usiku unabaki peke yako na simu, unaandika: Mama yuko wapi sasa? Je, ananiona? Rafiki yangu aliyejiua, Mungu amempokea?

Simu haikosi jibu. Utakuta video ya nabii anayedai ameingia kuzimu akamwona fulani. Utakuta mtu wa kukuunganisha na marehemu, ukituma pesa kidogo. Utatumiwa sala ya kusambaza kwa watu kumi, la sivyo balaa likupate. Na mfiwa hudanganywa kirahisi, si kwa sababu ni mjinga, bali kwa sababu anatamani mno kusikia neno la kumtuliza. Ndiyo maana Yohane anatuonya tusiamini kila roho, tuzipime kwanza (1 Yoh 4:1). Tunapimaje?

1. Swali lako linamhusu nani?
Jinsi ya kupunguza maumivu ya mgonjwa asiyepona ni swali la madaktari na wauguzi wa tiba shufaa, si la mhubiri. Mafundisho ya Kanisa juu ya hukumu, mbingu na toharani yatafute kwenye Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1020 hadi 1060. Tovuti ya Vatikani inayo bure kwa lugha kadhaa, na kitabu cha Kiswahili kipo, ulizia parokiani. Ukikuta mtu anajibu kila kitu, ugonjwa, ndoto, toharani na biashara, basi kuwa macho.

2. Habari ilianzia wapi?
Mfano ni zile "hatua tano za huzuni" zinazosambazwa sana. Zinatokana na kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, naye alikuwa amezungumza na wagonjwa waliokaribia kufa, si na wafiwa. Kwa hiyo kama hujapitia hasira, au umelia leo baada ya mwaka mzima wa utulivu, hujakosea. Majonzi hayana ratiba. Hata Yesu, aliyekwenda kumfufua Lazaro, alilia (Yoh 11:35).

3. Anataka nini kwako?
Anayekudai pesa, anayekutisha, au anayekuambia usimwambie mtu, achana naye. Kutafuta kuongea na wafu kumekatazwa (Kumb 18:10-12, Katekisimu 2116). Kuwaombea ni jambo jingine kabisa, na Yuda Makabayo alifanya hivyo kwa askari wake waliokufa vitani (2 Mak 12:43-46). Tofauti ni hii: ukimwombea marehemu, unamkabidhi kwa Mungu, ukimwita, unataka kumzunguka Mungu.

Turudi kwa yule rafiki aliyejiua. Mtandaoni wapo wenye hakika kwamba yuko motoni. Soma Katekisimu 2282 na 2283. Kanisa halisemi kujiua ni sawa. Linafundisha kuwa ni jambo zito. Lakini linafundisha pia kwamba ugonjwa wa akili, uchungu au hofu kubwa vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, na kwamba Mungu ana njia anazozijua mwenyewe. Kanisa linamwombea. Wewe pia mwombee. Na kama ni wewe unayewaza kujiua, ndugu yangu, usitafute jibu kwenye simu. Itumie kumpigia mtu unayemwamini, au mwamshe wa karibu, usiku huu huu.

Kipimo cha mwisho ni rahisi: ukishasoma, umesogea wapi? Chanzo kizuri hakikufungii chumbani ukitazama video hadi alfajiri. Kinakurudisha kwenye Misa, kwa padre, kwenye Jumuiya, kwa mtu atakayekaa nawe bila haraka.

Kazi ya wiki hii: andika jina la marehemu wako, lipeleke parokiani kama nia ya Misa. Kisha kumbuka mfiwa mmoja ambaye msiba wake watu wameshausahau. Usimtumie ujumbe uliosambazwa. Mpigie, umsikilize.