Hamri si Andazi

Na Mwanafunzi, Kidato cha Tatu, Soweto East

Mimi ni mtoto wa muuza mandazi, kwa hivyo katika mambo ya chai ya asubuhi nilidhani hakuna wa kunifunza. Mama huamka saa kumi alfajiri akakanda unga, na ikifika saa kumi na mbili wale wanaokwenda Industrial Area kwa miguu huwa wamemaliza nusu ya beseni. Pesa za ziara ya Chama cha Kiswahili zilitoka katika beseni hilo hilo. Ndiyo maana nilipofika Mombasa nilitia masikio wazi. Sikutaka kurudi mikono mitupu.

Tuliondoka Nairobi kabla jua halijachomoza, tukasafiri kilomita karibu 480, tukalala katika shule moja iliyotupokea. Asubuhi ya pili mwalimu akatupeleka Mji wa Kale. Huko vichochoro ni vyembamba kama vyetu vya Kibera, ila kuta ni za mawe na milango imechongwa maua. Tukaketi barazani kwa mama mmoja anayeuza staftahi. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba wanangu. Ndooni, muna ndaa nyinyi!"

Tukatazamana. Ndoo? Nani ameitisha ndoo? Kumbe hicho ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Pale tunaposema njoo, njaa na njia, wao husema ndoo, ndaa na ndia. Mwalimu akatueleza jambo ambalo lilinishangaza: mkutano uliochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kuwa Kiswahili sanifu ulifanyika hapo hapo Mombasa mwaka 1928, wakati wa Mwingereza. Yaani Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani kwake! Mama yule tungemsahihisha kwa kalamu nyekundu darasani, na hali ametumia lugha ya babu zake.

Kisha akasema, "Hebu nileteeni ile mbuzi nyuma ya mlango." Mwenzetu mmoja akainuka, akachungulia, akarudi akasema hakuna mbuzi, labda ametoroka. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. Mbuzi ile ni kigoda chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi. Hapa pana somo la sarufi, ndugu msomaji. Mnyama ni yule mbuzi, chombo ni ile mbuzi. Lakini sisi wa Nairobi husema "hiyo mbuzi" hata kwa mnyama, basi mwenzetu angejuaje?

Nazi ilipokwisha kukunwa, ikakamuliwa. Tui zito la kwanza huitwa kasimile, na makapi yanayobaki ni machicha. Tui huingia mara mbili katika staftahi ile. Kwanza hukandiwa unga pamoja na sukari, hamira na iliki iliyotwangwa. Unga huachwa uumuke, hukatwa pembe tatu, kisha hutiwa katika mafuta ya moto huku ukimwagiwa mafuta juu kwa kijiko ili ufure. Pili, tui hutiwa katika mbaazi zilizochemshwa zikalainika.

Nilipoletewa sahani yangu nikasema kwa sauti, "Hii si ni mandazi tu!" Barazani kukawa kimya. Mama akasema taratibu, "Hili ni hamri, mwanangu. Lipasue." Nikalipasua. Ndani tupu! Nikafikiri nimeibiwa. Akanionyesha: ule uwazi ni mfuko, unajaza mbaazi na tui ndani, unakula. Manze, sitasahau.

Neno mahamri lina undugu na hamira, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuchachuka. Maandazi (ambayo Nairobi tumeyakata yakawa mandazi) yanatokana na kitenzi andaa. Na si hamira tu iliyokuja kwa dau. Meza ni ya Kireno, sukari ni ya Kiarabu, na mhogo pamoja na pilipili asili yake ni Marekani ya Kusini na jirani zake, vikaletwa na Wareno.

Baadaye tulizuru Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Hata neno gereza husemekana latoka kwa Wareno, nao walimaanisha kanisa! Nilitembea kote, lakini kusema kweli akili yangu ilikuwa kwenye lile hamri.

Niliporudi nilimwambia mama tujaribu. Tulinunua nazi sokoni, na bei yake ilimeza faida ya asubuhi nzima. Mahamri yakafura vizuri kabisa. Mteja wa kwanza, mzee wa mjengo, akaling'ata moja, akalitazama. "Mama, leo umetuuzia hewa?" Wa pili akarudisha lake. Mama hakuniambia kitu, akafunika beseni. Siku hiyo tulikula mahamri mchana na usiku, na nauli yangu ya juma hilo ikawa hakuna.

Usiku ndipo nilipokumbuka mbaazi. Tulikuwa tumewauzia watu mfuko usio na kitu! Nikamweleza mama. Akaniuliza mbaazi ni nini, nikamchorea. "Si hizo ni nzuu?" akasema. Kwao Makueni zimejaa, na shangazi alikuwa ametuletea gunia dogo. Tui hatukuweza tena, tukatia kitunguu na nyanya.

Siku hizi siku za kazi tunauza mandazi, mazito, ya kushikilia tumbo hadi saa saba. Jumamosi peke yake tunauza mahamri, na sufuria ya nzuu hukaa kando ya beseni. Yule mzee wa mjengo huja na bakuli lake mwenyewe.