Gisaka: Nchi iliyokatwa kwa kalamu ikarudi

Ukitoka Kigali kwa barabara ya Rusumo, ukikaribia Kibungo umeingia Gisaka. Eneo hili liliwahi kuwa chini ya Mwingereza, na wasomaji wameuliza kwa nini.

Lilitokaje mikononi mwa Rwanda?

Tarehe 30 Mei 1919, Pierre Orts wa Ubelgiji na Alfred Milner wa Uingereza waligawana nchi walizompokonya Mjerumani. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Ubelgiji. Waingereza, wakiwaza reli ya Cape Town hadi Cairo, walitaka njia magharibi ya mto Kagera, wakamegewa Gisaka na vipande jirani. Mwami Yuhi Musinga, mfalme wa Rwanda, hakuulizwa. Mwaka 1922 maofisa wa Kiingereza walishika utawala.

Nani aliumia?

Mwami na machifu wake walinyang'anywa mamlaka, na wafugaji wakakatiwa malisho yao ya mashariki. Lakini haki ni kusema yote: Gisaka ilikuwa ufalme unaojitegemea hadi ilipotekwa na Rwanda katika karne ya 19, na wapo wenyeji waliofurahi kumtoka Musinga. Nao pia hawakuulizwa.

Ilirudije?

Musinga alilalamika kwa Wabelgiji, na mmisionari Léon Classe akaipigania hoja hiyo Ulaya. Rwanda ilikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo Shirikisho la Mataifa huko Geneva lilikuwa na tume ya kuitazama. Tume ilikosoa mpaka ule kwa kuwadhuru wenyeji. Waingereza nao wakaona reli inaweza kupita kwingine. Kufikia mwanzo wa 1924 Gisaka ilikuwa imerejeshwa, Kagera ikawa mpaka.

Kwa nini Wanyarwanda hawakwenda mahakamani?

Tazama yaliyowapata Wamaasai wa Kenya. Mkataba wao na Waingereza wa 1904 uliwaahidi eneo la Laikipia. Ule wa 1911 ukawahamisha kutoka huko huko. Mmaasai Ole Njogo na wenzake wakashtaki mwaka 1913. Majaji wakasema hiyo ni mikataba kati ya dola na watu wa nchi ya kigeni, hivyo mahakama haina mamlaka juu yake. Kwangu mimi, huo ulikuwa unyang'anyi uliovikwa joho la sheria. Gisaka iliokolewa na kuwapo kwa chombo kilicholazimika kusikiliza.

Vipi maeneo mengine yaliyokatwa?

Bufumbira, iliyokatwa kutoka Rwanda kwa makubaliano ya Brussels ya 1910, ndiyo Kisoro ya Uganda leo. Bugufi, ambayo Mwami Mwambutsa wa Burundi aliidai mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1948, imo wilayani Ngara, Tanzania.