SOMO LA JIKONI: SUPU NZITO YA NYAMA YA KUSAGA NA MBOGA KWA CHAKULA CHA JIONI

Ndugu makatibu na wanachama,

Kurasa za masomo katika jarida hili aghalabu huzungumzia daftari la fedha, mizani, stakabadhi na uendeshaji wa mikutano. Leo mkaguzi wenu anawaletea somo la sufuria. Huenda baadhi yenu mkacheka. Lakini katibu aliyelala na njaa hujumlisha vibaya asubuhi, na mwanachama arudiye kutoka ghalani saa mbili za usiku, akakuta moto haujawashwa na watoto wamesinzia, hana nguvu ya kurudi shambani alfajiri. Isitoshe, mimi ni mtu wa safari. Kwa miaka mingi nimejipikia mwenyewe katika vituo vya kazi, nami nimekwisha kuamini kwamba kupika si kazi ya akina mama peke yao.

Wengi wetu tunaijua supu ya asubuhi, ile inywewayo hotelini pamoja na chapati. Wenzetu wa Kilimanjaro wana mtori wao wa ndizi na nyama. Supu ya somo hili ni ya jioni, nzito, na ni chakula kamili. Inapikwa kwa muda usiozidi saa moja, siku ya kazi, kwa mboga ambazo wengi wetu twazilima.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo msomaji aweze:
(a) kuchagua na kutunza nyama ya kusaga bila kuhatarisha afya ya nyumba yake;
(b) kupika supu ya watu wanane kwa nusu kilo ya nyama;
(c) kueleza sababu ya kila hatua, si kuifuata kwa mazoea tu.

KOSA LILILONIFUNDISHA

Msimu mmoja wa ununuzi wa kahawa nilikuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi huko milimani. Katibu alikuwa amenikaribisha nyumbani kwake, nami sikutaka kwenda mikono mitupu. Saa mbili asubuhi nilipitia bucha mjini, nikanunua kilo moja ya nyama iliyokwisha kusagwa, nikaifunga katika mfuko wa plastiki, nikaiweka chini ya meza ya ofisi kando ya vitabu. Tukafanya kazi hadi jua likazama. Saa moja ya usiku nikamkabidhi mama mwenye nyumba mfuko ule. Aliunusa, akanitazama, lakini kwa heshima ya mgeni hakusema neno. Kwa kuwa tulichelewa, nyama ikafanywa vidonge, ikakaangwa juujuu, tukala.

Usiku ule katibu, watoto wake wawili na mimi hatukulala. Asubuhi watoto walipelekwa zahanati, na namshukuru Mungu walipona. Lakini ufunguo wa ghala ulikuwa kwa katibu, naye hakuweza kusimama. Wanachama walisubiri na magunia yao mpaka adhuhuri. Wengine, wazee kwa vijana, wakayabeba tena kurudi nayo kwao kupanda mlima. Hesabu za chama nilikuwa nimezikagua mpaka senti ya mwisho. Saa za nyama yangu sikuzihesabu.

Tangu siku ile nimejifunza habari za nyama ya kusaga kama nilivyojifunza habari za sanduku la fedha.

KWA NINI NYAMA YA KUSAGA IHITAJI UANGALIFU

Kipande cha nyama kikiwa kizima, vijidudu vya maradhi huwa zaidi kwenye uso wake, na moto huviua upesi. Nyama ikisagwa, uso ule huchanganywa na sehemu za ndani, na vijidudu huenea kote. Ndiyo maana nyama iliyosagwa huharibika mapema kuliko nyama ya kipande, na ndiyo maana haifai kuliwa ikiwa nyekundu katikati. Aidha, nyama ya ng'ombe isiyoiva yaweza kumpa mlaji tegu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nyama ya kusaga ni akiba iozayo. Basi tushike kanuni hizi:

1. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi wa nyama. Chagua kipande wewe mwenyewe, kisha kisagwe mbele ya macho yako. Usione haya kuomba mashine isafishwe kwanza, maana mabaki ya asubuhi hubaki ndani yake.

2. Nunua jioni unapoelekea nyumbani, si asubuhi unapokwenda kazini. Nyama isikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili. Na mahali penye joto kali, kama pwani wakati wa jua, isizidi saa moja.

3. Ikiwa bucha iko mbali, nunua kipande kizima ukikatekate mwenyewe nyumbani. Kisu kikali na ubao safi vyatosha: kata vipande vyembamba, kisha katakata mpaka vilainike. Osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mboga.

FAIDA YAKE

Nyama ya vipande ya ng'ombe wetu wa kienyeji huhitaji kuchemka saa moja na nusu au mbili ndipo ilainike. Nyama ya kusaga huiva kwa dakika chache, na mkaa au kuni huokolewa.

Faida ya pili ni mgao. Nusu kilo ya vipande kwa watu wanane huleta manung'uniko: baba apate vitatu, mtoto mdogo apate kimoja na mfupa. Nyama ya kusaga huenea katika supu yote, na kila upawa huchota sehemu yake. Gramu 500 kwa watu wanane ni gramu 60 na ushei kwa kila mmoja. Ni kidogo, lakini kila bakuli limepata haki yake, na ladha imeenea sufuria nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

MAHITAJI KWA WATU WANANE

Nyama ya ng'ombe ya kusaga, nusu kilo
Vitunguu maji vikubwa 2
Kitunguu saumu, punje 4, na tangawizi kipande kidogo
Nyanya zilizoiva 5
Karoti 4
Viazi mviringo 6 vya kiasi
Kabichi, robo ya kichwa
Maharage yaliyokwisha kuchemshwa yakaiva, vikombe 2
Maji ya moto, lita 2
Mafuta ya kupikia, kijiko 1 kikubwa
Chumvi yenye madini joto, vijiko vya chai 2 visivyojaa
Pilipili manga kidogo, majani ya giligilani, na ndimu 1

Asiye na viazi mviringo atumie ndizi mbichi au viazi vitamu. Asiye na kabichi atumie sukuma wiki au majani ya maboga. Lakini mboga zisipungue aina tatu, kwa kuwa ndizo zinazoibeba sufuria hii.

MATAYARISHO YA MAPEMA

Maharage yalowekwe usiku uliotangulia. Asubuhi yamwagwe maji yale, yatiwe maji mapya, yachemshwe kwa moto uleule wa chai mpaka yaive kabisa, kisha yahifadhiwe kwenye jokofu. Asiye na jokofu ayachemshe jioni ileile kabla ya kuanza supu. Usitie maharage mabichi katika supu ya nyanya kwa sababu mbili. Kwanza, ukali wa nyanya huyazuia yasilainike. Pili, maharage mekundu yasiyoiva yana sumu iumizayo tumbo, nayo huondolewa kwa kuyachemsha kwa nguvu, si kwa kuyapasha moto tu.

Aliyetangulia kufika nyumbani, awe mume, mke au kijana, amenye viazi na karoti na kuvikata vipande vidogo vya kulingana. Vikilingana, vitaiva kwa wakati mmoja.

HATUA ZA KUPIKA

Hatua ya kwanza. Pasha mafuta katika sufuria nene. Tia vitunguu maji vilivyokatwa, ukoroge dakika 5 mpaka vilainike na kuanza kugeuka rangi.

Hatua ya pili. Tia nyama, uivunjevunje kwa mwiko ili isishikane mabonge. Usitie maji. Nyama itatoa maji yake. Acha yakauke, kisha endelea kukoroga mpaka nyama igeuke rangi ya kahawia na kuanza kushika chini ya sufuria. Kazi hii ni ya dakika 10 hivi. Wengi huiruka kwa haraka, na supu yao huwa na ladha ya maji. Ladha yote ya supu hii imo katika dakika hizo 10. Mafuta yakionekana mengi, yachote na kuyapunguza.

Hatua ya tatu. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Koroga dakika 1. Tia nyanya zilizokatwakatwa na chumvi. Pika dakika 5 mpaka nyanya zipondeke, huku ukikwangua kwa mwiko ile rangi iliyoshika chini ya sufuria. Usiitupe, hiyo ni mali.

Hatua ya nne. Mimina maji ya moto. Yakichemka, tia karoti na viazi. Funika, punguza moto, acha vichemke dakika 15, au mpaka kisu kipenye kiazi bila shida.

Hatua ya tano. Tia maharage na kabichi iliyokatwa nyembamba. Acha supu ichemke tena kwa dakika 5 hadi 7. Kabichi huja mwisho kwa kuwa moto mrefu huiharibu vitamini C yake na kuifanya inuke.

Hatua ya sita. Epua. Ndipo utie pilipili manga, giligilani na maji ya ndimu. Ndimu ikitiwa mapema huchelewesha viazi kulainika, na sehemu ya vitamini yake hupotea motoni.

Jumla ni dakika 45 hadi 50. Ukipenda supu nzito zaidi, ponda viazi vichache kwa mwiko dhidi ya ukingo wa sufuria ukoroge. Hakuna haja ya unga.

FAIDA KWA MWILI

Nyama ina madini ya chuma yajengayo damu. Maharage nayo yana chuma, lakini mwili hukipokea vema zaidi kikiliwa pamoja na nyama na vitu vyenye vitamini C, kama nyanya, kabichi na ndimu. Chai ya rangi hupunguza upokeaji huo. Basi isinywewe pamoja na supu, bali baadaye. Karoti huleta asili ya vitamini A, na mafuta kidogo yaliyomo husaidia mwili kuipokea. Haya yawahusu hasa akina mama wajawazito na watoto.

Ama chumvi, Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku. Kipimo tulichotaja, kikigawanywa kwa wanane, hakifiki nusu ya hizo. Basi onja kwanza kabla ya kuongeza.

KIPORO

Njia bora kwa asiye na jokofu ni kupika kiasi kitakachomalizika. Watu wakiwa wanne, gawanya vipimo vyote kwa mbili.

Mwenye jokofu asiache supu mezani zaidi ya saa mbili. Aigawe katika vyombo vipana, avikalishe ndani ya beseni la maji baridi, kisha aiweke ndani. Iliwe kabla siku tatu kupita. Ikipashwa, ichemke hasa, isiwe vuguvugu. Supu iliyolala nje usiku kucha isiokolewe kwa kuchemshwa asubuhi. Moto huua vijidudu, lakini sumu nyingine walizokwisha kuziacha haziondoki kwa moto. Wala pua si mkaguzi wa kutegemewa, maana chakula chaweza kudhuru kabla hakijanuka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini nyama iliyosagwa ihitaji kuiva zaidi kuliko nyama ya kipande?
2. Nyama ilisagwa saa tisa alasiri, nawe utafika nyumbani saa moja ya usiku. Ungefanya nini tofauti?
3. Eleza kwa nini maharage hutiwa yakiwa yameiva, na ndimu baada ya kuepua.
4. Katika nyumba yenu, nani hufika kwanza jioni za msimu, naye anaweza kuanza kazi gani kabla wengine hawajafika?
5. Zikadirieni gharama za sufuria hii kwa bei za soko lenu. Ni vitu gani mwanachama anavipata shambani mwake bila kununua?

Naomba somo hili lisomwe nyumbani pamoja na jamaa, kisha lijaribiwe jioni moja ya wiki hii. Nami nikipita katika chama chenu msimu ujao na kualikwa kula, nitakuja na kipande kizima cha nyama, kilichonunuliwa jioni ileile, na nitaomba nipewe kisu na ubao.

Wenu katika kazi,
Mkaguzi wa Vyama